Tazama kwanza chini ya meka

Ukurasa wa Afya na Usalama: somo kwa wafanya kazi na jamaa zao



Somo letu la leo si juu ya kofia, wala juu ya ngazi, wala juu ya maski. Ni juu ya uchunguzi: ile kazi ya wenye elimu ya kupima kama dawa za uzini, moshi na vumbi zinaumiza mutu ao haziumizi. Munaweza kufikiri kwamba jambo hilo ni la wakubwa tu. Hapana. Damu inayopimwa ni yenu, na maji yanayopimwa ni yale munayokunywa.

ULIZO LILILOLETA SOMO HILI

Asubuhi moja tulikuwa tunapima damu na mukojo wa wafanya kazi ku dispanseri. Baba mumoja, fundi wa siku nyingi, alinyosha mukono wake. Lakini mbele sindano haijaingia, aliniuliza hivi: «Munganga, wewe unalipwa na kompani. Laboratware inalipwa na kompani. Karatasi nayo ni ya kompani. Kama katika damu yangu kuna ubaya, nani ataniambia?»

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ulizo lake ni zuri. Siku ile nilimujibu kwa maneno machache tu, na niliona wazi kwamba hakutosheka. Leo ninamujibu kwa maandiko, na ninyi wote musikie.

MAMA KU SOKO

Mama anapofika ku soko kununua unga, hatazami kwanza unga. Anatazama meka. Anaigeuza na kupapasa chini yake kwa vidole: je, wameipiga kwa nyundo ili chini ipande juu? Meka iliyopigwa namna hiyo inajaa vizuri mbele ya macho, lakini ku nyumba bukari haitoshi watoto. Na muuzaji hakusema uwongo hata kidogo. Alisema meka moja, akatoa meka moja. Ubaya uko chini.

Uchunguzi nao ni kipimo. Wazee walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwenye kulipa uchunguzi anaweza kuvuta kidogo tu upande wake, bila kuandika hesabu ya uwongo hata moja. Ili tuelewe vizuri, tusome habari moja ya kweli. Ilianza mbali, Marekani, lakini mwisho wake ulifika mpaka ku pompi za esansi za kwetu Afrika.

1. RISASI NDANI YA ESANSI

Risasi ni ile madini nzito ambayo mafundi wa batri wanaita plombi. Tangu zamani sana watu walijua kwamba ni sumu: inakaza tumbo, inalegeza mikono, inaharibu akili.

Mwaka 1921, fundi Thomas Midgley, aliyefanya kazi katika kompani ya motokari General Motors, alivumbua kwamba dawa moja yenye risasi, ikichanganywa na esansi, inazuia mutambo kugonga. Mwaka 1923 esansi hiyo ilianza kuuzwa. Lakini wauzaji hawakuipa jina la risasi. Waliiita «Ethyl». Muangalie jambo hilo la kwanza: jina la sumu halikuonekana ku pompi.

Kompani iliomba Ofisi ya Mines ya serikali ya Marekani ipime moshi wa esansi hiyo kwa wanyama. Pesa za kazi hiyo zilitoka kwa kompani. Tena, katika mapatano waliandika kwamba maandiko yote yapite kwanza mikononi mwa kompani, iyasome na kuyakubali mbele ya watu wengine kuyaona.

Mwezi wa 10 mwaka 1924, ubaya ulitokea ku uzini ya Standard Oil, mahali panapoitwa Bayway, jimbo la New Jersey, ambako walikuwa wanatengeneza dawa hiyo. Kwa siku chache wafanya kazi 5 walikufa, na wengine zaidi ya 30 walipelekwa ku hospitali. Walikuwa wanaona vitu visivyokuwapo na kupiga kelele. Ilifaa wafungwe kwa nguvu wasijiumize. Mwisho wa mwezi ule ule, Midgley aliita watu wa magazeti, akanawa mikono yake katika dawa hiyo mbele yao, akainusa, apate kuonyesha kwamba haina hatari. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua risasi mwaka 1923, akalazimika kuacha kazi kwa muda na kupumzika. Siku zile zile Ofisi ya Mines ilitangaza matokeo yake: wanyama waliopumua moshi hawakuonyesha ugonjwa wa risasi.

Mwezi wa 5 mwaka 1925 serikali iliita mukutano Washington. Munganga mwanamuke Alice Hamilton, aliyekuwa amechunguza magonjwa ya kazi miaka mingi, na mwalimu Yandell Henderson wa Yale, waliwaonya watu juu ya sumu hiyo. Uuzaji ulisimama kwanza. Kamati ya wenye elimu ilipima wanaume 252, kwa miezi michache tu. Mwanzo wa mwaka 1926 ilisema kwamba haikuona sababu nzuri ya kukataza esansi hiyo. Lakini iliongeza neno moja kubwa: uchunguzi uendelee, na ulipwe kwa pesa ya watu wote, yaani pesa ya serikali.

Neno hilo lilibaki ku karatasi. Serikali haikutoa pesa. Uuzaji ulianza tena, na kwa miaka 40 hivi iliyofuata, karibu uchunguzi wote juu ya risasi ya esansi ulikaa mikononi mwa wale walioiuza.

2. MUNGANGA KEHOE NA KIPIMO CHAKE

Mutu aliyeongoza uchunguzi huo aliitwa Robert Kehoe, munganga wa muji wa Cincinnati. Alikuwa munganga wa kompani ya Ethyl, na tena mukubwa wa laboratware ya Kettering ku université ya muji ule. Laboratware hiyo ilianzishwa mwaka 1930 kwa pesa ya Ethyl, ya General Motors na ya Du Pont. Maandiko yake yalipaswa kuonyeshwa kwanza kwa wale waliolipa.

Tusimuhukumu kwa haraka. Kehoe hakuwa mujinga, na kazi yake ilisaidia watu. Aliamuru hewa ya uzini isafishwe na wafanya kazi wapimwe, na vifo kama vile vya Bayway vilipunguka. Ni munganga wa kompani, kama mimi. Ndiyo sababu ninasoma habari yake kwa makini.

Alifundisha mambo manne: kwamba risasi iko katika mwili wa kila mutu kwa asili, kwamba mwili unajua kuitoa wenyewe, kwamba chini ya kipimo fulani hakuna ugonjwa, na kwamba watu wa barabarani wako mbali sana na kipimo hicho. Kipimo chake kilikuwa mikrogramu 80 za risasi kwa mililita 100 za damu.

Sasa tugeuze meka, tutazame chini.

Ili aonyeshe kwamba risasi ni ya asili, Kehoe alitafuta watu wanaokaa mbali na mauzini na motokari. Alienda ku kijiji kimoja cha walimaji Mexico, akapima, akakuta risasi katika miili yao. Akasema: munaona, hata hawa wanayo. Lakini watu wale walikuwa wanakula katika vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kungaa yenye risasi. Hesabu zake hazikuwa za uwongo. Alilinganisha waliokula sumu ndogo na waliokula sumu nyingine, akaita sumu hiyo asili.

Tena, kipimo cha 80 kilitoka kwa wanaume wazima wanaofanya kazi, wale wenye ugonjwa unaoonekana kwa macho. Mutoto anayetambaa chini barabarani hakuwa katika kipimo hicho. Wala mama mwenye mimba.

Na jambo la mwisho lilipita mengine yote. Kehoe alikuwa anasema: mutuonyeshe kwanza wagonjwa, kisha tutaacha kuuza. Lakini nani angewatafuta wagonjwa hao, kama laboratware ilikuwa yake na pesa ilikuwa yao?

3. MUTU WA MAWE

Aliyevunja jambo hilo hakuwa munganga. Alikuwa mutu wa mawe, kama wajeoloji wetu. Clair Patterson alikuwa anapima risasi ndani ya jiwe lililoanguka toka mbinguni, apate kujua umri wa dunia. Mwaka 1956 alitoa hesabu: miaka bilioni 4.55. Lakini kazi hiyo ilimusumbua sana, kwa sababu risasi ya inje ilikuwa inaingia kila mara katika vyombo vyake. Ilikuwa katika vumbi, katika maji, hata katika nywele zake. Akajiuliza: risasi hii yote inatoka wapi?

Alipima maji ya bahari, kisha na barafu ya zamani. Mwaka 1965 aliandika kwamba Wamarekani walikuwa na risasi mwilini karibu mara 100 zaidi kuliko ile ya asili. Neno lake tulishike: jambo la kawaida si sawasawa na jambo la asili. Kama watu wote wa kambi wanakohoa, kukohoa kumekuwa kawaida. Hakujakuwa afya.

Kompani za mafuta zilikuwa zinamusaidia kwa pesa ya kupima bahari. Kisha zikaacha. Lakini mwaka 1966 yeye na Kehoe walisema wote wawili mbele ya wakubwa wa Senati ya Marekani, na watu wakaanza kutazama chini ya meka. Mwaka 1979 munganga Herbert Needleman alitoa kazi aliyofanya kwa meno ya watoto yaliyongoka: watoto wenye risasi nyingi katika meno walishindwa zaidi katika akili na masomo, hata kama hawakuonekana wagonjwa.

Marekani walianza kupunguza risasi katika esansi. Kati ya mwaka 1976 na 1980, risasi katika damu ya watu ilishuka toka 14.6 mpaka 9.2, kwa kipimo kile kile tulichotaja juu. Esansi ilipopungua risasi, damu nayo ilipungua. Kama risasi hiyo ingekuwa ya asili, ingeshuka namna gani?

Mwaka 1996 walikataza kabisa esansi hiyo kwa motokari za barabarani. Hapa Afrika, inchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa mwaka 2006. Inchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Leo waganga wanasema wazi kwamba hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mutoto.

Muhesabu wenyewe: toka mukutano wa 1925 mpaka esansi ilipobadilika kwetu, ni miaka 81. Mutoto aliyezaliwa siku ya mukutano ule alikuwa amekwisha kuwa babu.

4. JE, PESA YA KOMPANI INAHARIBU SIKU ZOTE?

Hapana. Kama tungesema hivyo, tungemudanganya yule baba.

Mwaka 1980, Marekani walianzisha chama cha uchunguzi wa hewa kinachoitwa Health Effects Institute. Nusu ya pesa inatoka kwa serikali, nusu kwa kompani za kutengeneza motokari. Mwaka 1993 wenye elimu wa Harvard walionyesha kwamba, kati ya miji 6 waliyochunguza, watu walikufa zaidi katika ile yenye hewa ya vumbi laini nyingi. Kompani nyingi zilikataa, zikasema hesabu si safi. Basi hesabu zote zilipewa kwa chama hicho, nacho kikazitia mikononi mwa watu wengine kabisa, wazipime upya. Mwaka 2000 jibu lilitoka: hesabu za kwanza zilikuwa sawa.

Pesa ya kompani ilikuwamo, na ukweli ulitoka. Kwa nini? Kwa sababu pesa ilitoka pande mbili, mwenye kulipa hakushika kalamu, na jibu lilitangazwa hata kama halikupendeza waliotoa pesa.

5. MAULIZO MANNE YA KUULIZA

Basi mukisikia ku radio, ao ku mukutano, ao hata ku dispanseri yetu, kwamba «uchunguzi umeonyesha hakuna hatari», musikubali mbio na musikatae mbio. Muulize:

Moja. Nani amelipa, na nani aliyasoma matokeo mbele ya wengine? Kulipa si zambi. Kuficha ndiyo ubaya.

Mbili. Wamelinganisha nani na nani? Kama wamelinganisha watu wa uzini na watu wa kambi iliyo chini ya moshi ule ule, ni kama kile kijiji cha Mexico.

Tatu. Kipimo ni cha nani? Kipimo cha mwanaume muzima anayefanya kazi masaa 8 si kipimo cha mutoto anayekula udongo siku nzima.

Ine. Wamechunguza muda gani? Kuna sumu inayoonekana leo jioni, na kuna sumu inayongoja miaka 20. Miezi michache haiwezi kuona ya pili.

6. HAPA KWETU

Tusicheke watu wa mbali. Mwaka 2009 wachunguzi wa Université ya Lubumbashi, pamoja na mwalimu Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Leuven, Ubeleji, walitangaza kazi waliyofanya kwa watu wa Katanga. Walipima mukojo, siyo wa wafanya kazi peke yao, lakini wa wakaaji tu. Wale waliokaa karibu na migodi na mauzini, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi kuliko wale wa mbali, na watoto zaidi kuliko wakubwa. Wachunguzi waliandika kwamba kobalti nyingi namna hiyo ilikuwa haijaonekana mahali pengine popote kwa watu wasio wa uzini. Na hata upande wa pili wa mupaka, ku Kabwe, Zambia, mugodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi ingali katika udongo na katika damu ya watoto waliozaliwa kisha mwaka ule.

Kwa hiyo tusingoje karatasi ya mwisho mbele ya kunawa mikono. Mufanye hivi:

– Salopeti na viatu vya kazi vibaki ku kazi. Kama hakuna njia, vifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto, na maji yake yasimwagwe penye watoto wanachezea.
– Kunawa mikono na uso kwa sabuni mbele ya kula bukari na mbele ya kumushika mutoto.
– Mifuko na bidoni za dawa za uzini zisitiwe unga wala maji, hata zikisafishwa mara kumi.
– Batri ya zamani isivunjwe wala isiyeyushwe ku kiwanja cha nyumba. Moshi wake ni risasi.
– Ku nyumba tupanguse kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mukavu unaamsha vumbi tu.

7. JIBU KWA YULE BABA

Sasa, baba, jibu lako.

Ndiyo, kompani inanilipa. Sitaficha jambo hilo, na meka yangu pia uigeuze. Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Ku kazi yangu ya kwanza, mahali pengine, nilikuwa ninaandika ku karti za watu neno moja tu: «Sawa». Sikuandika hesabu. Ndivyo nilivyoagizwa, nami niliona ni kupunguza kazi. Kisha miaka michache mufanya kazi mumoja alikuja, mikono inatetemeka, akaniuliza kama damu yake ilikuwa inapanda tangu zamani ao imebadilika mwaka ule tu. Nilifungua karti yake. Sawa. Sawa. Sawa. Sikuwa na kitu cha kumuonyesha. Sikudanganya mutu, lakini meka yangu ilikuwa imepigwa chini.

Basi hapa kwetu uombe mambo haya, na usione haya kuyaomba:

– Hesabu yenyewe ya damu ao ya mukojo wako, imeandikwa, pamoja na kipimo walicholinganisha nayo. Neno «sawa» halitoshi.
– Karatasi hiyo uitunze ku nyumba, pamoja na za miaka mingine. Hesabu moja inasema kidogo. Hesabu tano zinasema kama unapanda ao unashuka.
– Kama una mashaka, peleka karatasi hiyo kwa munganga mwingine. Sitakasirika. Munganga hajigangi.
– Muombe wajumbe wenu wa sendika waulize ku kamati ya usalama matokeo ya kambi yote, bila majina ya watu: wangapi wamepanda, katika kazi gani.

Karatasi yako imerudi, baba. Iko katika sanduku langu, na hesabu imeandikwa kwa wino. Uje uikamate mwenyewe, tuisome pamoja.

MAULIZO YA KUJIJARIBU KU NYUMBA

1. Kwa nini wauzaji wa Marekani waliita dawa yao «Ethyl»?
2. Kipimo cha Kehoe ku kijiji cha Mexico kilikosa wapi?
3. Kawaida na asili vinaachana namna gani? Toa mufano wa kambi yako.
4. Pesa ya kompani ilisaidia ukweli namna gani katika uchunguzi wa hewa wa miji 6?
5. Karti yako ya mwaka uliopita iko wapi? Inaonyesha hesabu ao neno «sawa» tu?

Ulizo la tano ndilo la kwanza. Kama hauna jibu, uje ku dispanseri.